Siku Tatu za Wifi

Baya alikufa siku chache baada ya Idi, mwaka wa tisini na nne, lakini kupanda ngazi hakuacha. Kila alasiri, mwadhini akimaliza tu, Mwanatumu husikia viatu vyake kwenye ngazi za mbao, kisha kikohozi mara tatu penye kona. Ndivyo alivyokuwa akirudi kutoka bandarini: akohoe, mke asimame na kahawa, ndipo afungue mlango alioufunga kwa nje tangu asubuhi. Miaka kumi na mmoja. Ufunguo akiuvaa shingoni. Waosha maiti wasema walitaabika kuuvua.

Sasa mlango haukuwa na kufuli, na Mwanatumu bado akisimama na kahawa.

"Wifi, umemsikia?" alimuuliza Mirriam, dada wa marehemu, aliyehamia pale kumtunza edani.

"Nimsikie nani? Mimi nasikia njaa."

Mirriam ndiye aliyeshika hesabu ya eda. Miezi minne na siku kumi mjane atulie ndani, bila udi wala wanja. Hilo halina mjadala. Kumposa mjane edani ni haramu, na Mirriam mcha Mungu: hakumposea nduguye Thoya. Alimpimia tu nguo ya harusi.

"Thoya afika kesho kutwa kutoka Maskati," alisema Ijumaa ile, pini mdomoni. "Wewe watoka eda Jumatatu. Nyumba isitoke mikononi mwetu, wala wewe."

Mwanatumu akainua mikono apimwe. Mwanamke aliyefungiwa miaka kumi na mmoja hujifunza kunyamaza vizuri.

Adhana ya alasiri ikapita. Hakuna kiatu. Hakuna kikohozi. Kahawa ikapoa mkononi, na ule ukimya ukamtisha kuliko nyayo.

Asubuhi yake, Mirriam akiwa sokoni Marikiti, akaja Sidi, mdogo wake Mwanatumu, muuza viazi karai kule ufukoni Mama Ngina. Alimkuta dada yake ameketi kuuelekea mlango, hajalala.

"Jana hakuja," Mwanatumu akanong'ona.

Sidi akahesabu kwa vidole. "Alikufa mwezi tatu Mfungo Mosi, siku mbili baada ya Idi. Jana ilikuwa mwezi kumi na tatu Mfungo Tano. Dada, eda imekwisha jana! Kwani nyinyi mwahesabu kwa mwezi upi?"

Wakatazama ukutani. Kalenda ya duka la mchele, Jumatatu imezungushiwa wino. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa mbinguni. Mirriam alihesabu kwa mwezi wa dukani, akapata siku tatu za ziada. Kama alikosea au alikusudia, ajuaye ni Mungu. Na Mirriam.

"Basi Baya ndiye aliyesema kweli, alipoacha kuja," alisema Mwanatumu.

"Alhamdulillahi. Imembidi afe kwanza. Dada, chumba changu Majengo ni kidogo, lakini funguo ni mbili. Twende."

Mwanatumu akaoga, akavaa buibui. Walikutana na Mirriam ngazini, kapu la vitunguu kichwani.

"Waenda wapi na eda hiyo?"

"Imekwisha jana, wifi. Uliza mwezi."

"Nani amekuogesha?"

"Nimejiogesha."

"Mjane hajiogeshi! Na Thoya je? Nitamwambia nini?"

"Mwambie karibu. Nyumba gawaneni. Mimi simo katika mirathi."

Akapita. Lakini penye kona miguu ikakataa kushuka. Ukuta ulikuwa baridi, na pale begani alihisi pumzi ya mtu anayepanda, mtu ambaye hakumpisha. Chini, Sidi akiita. Juu, Mirriam akacheka:

"Si nilikwambia? Hata miguu yako yajua kwao ni wapi."

Mwanatumu akaketi. Akateleza ngazi moja kwa makalio, kisha ya pili, kama mtoto, mwanamke wa miaka thelathini na sita, buibui likizoa vumbi.

"Cheka, wifi," alisema, meno yakigongana. "Kushuka ni kushuka."

Akaendelea hivyo, ngazi kwa ngazi, hadi nyayo zake zikagusa mawe ya kichochoro, na mawe yalikuwa ya moto.