Dirisha Lililoziba Wito

Teri Halvorsen ndiye aliyeandika programu ya kuongoza magari ya kuzoa theluji katika kaunti yetu, kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Bosi wake, Grady, alimwagiza dirisha la ramani lijaze skrini nzima: lisiwe na ukingo wala alama ya kulifungia, na programu nyingine yoyote isiweze kuja juu yake. Wanunuzi walikuwa wanakuja kuiona, naye alitaka ramani tu iwavutie. Teri alimweleza kuwa waongozaji, wanaokaa mbele ya skrini na kuyaelekeza magari, wana programu nyingine inayoleta wito wa dereva aliyepatwa na shida, na kwamba wito ukija utabaki nyuma ya ramani. Grady akasema watazoea. Teri akaandika mistari michache ya programu ya kufanya hivyo huku amenuna.

Januari, gari la Armand Loiselle, mmoja wa madereva wa kuzoa theluji, liliteleza mtaroni katikati ya dhoruba, injini ikazimika. Akabonyeza kitufe cha msaada, akangoja. Mwongozaji siku hiyo alikuwa Bernadette Pruitt. Macho yake hayakutoka kwenye skrini, na skrini haikumwonyesha kitu. Dereva mwingine ndiye aliyemkuta Armand, amekakamaa kwa baridi. Hospitalini walimkata vidole viwili vya mguu.

Kwenye kikao na watu wa kaunti, Grady alisema bila kupepesa macho kwamba Bernadette, aliyekuwa amesimamishwa kazi na kuketi pale pale, alizembea. Teri akamkatiza.

“Hakuzembea,” alisema. “Wito ulikuja. Sisi ndio tuliouziba.”

“Teri, hayo tutayazungumza ofisini.”

“Tulishayazungumza ofisini, Grady. Ukaniambia watazoea. Haya, kamwambie Armand azoee.”

Akatoka, akaendesha gari hadi chumba cha waongozaji, akaketi kwenye kompyuta ya Bernadette na kuifuta ile mistari. Dirisha lilibaki kubwa, ila ukanda wa chini wenye alama za programu nyingine ukaonekana, na wito wa majaribio alioutuma ukajitokeza juu ya ramani, mwekundu.

Bernadette, aliyemfuata kutoka kikaoni, alikuwa amesimama nyuma yake.

“Kumbe ni kazi ya dakika tano,” alisema. “Na mimi nimeitwa mzembe mbele ya kaunti nzima. Ulijua, dada, na bado ukaandika.”

Teri akauzima ule wito wa majaribio, akainuka kitini.

Grady aliondolewa kwenye kazi ile, Bernadette akasafishwa jina na kurudi zamuni. Teri akipiga simu chumba cha waongozaji, Bernadette akisikia sauti yake humpa mwenzake simu.