Baba Wawili wa Hilkia

Siku moja ya mwezi wa Tamuzi, katikati ya kiangazi, kabla ya adhuhuri, nilikuwa nimekwisha kuamua ugomvi wa koo tatu, na mmoja wao alinirushia kiatu. Kazi ya kutunza nasaba hapa Yerusalemu ndiyo hiyo. Unawasomea watu babu zao, kisha wanakuchukia wewe, si hao babu.

Ndipo akaingia Hilkia wa Tekoa, mchunga kondoo mwenye mvi ndevuni, akimshika mkono mama yake, Shelomiti. Nyuma yao alikuja kuhani Imeri, ambaye mwanawe alitaka kumwoa Yemima, binti wa Hilkia. Kuhani hapokei mkwe kabla nasaba haijasomwa. Ikiwa si safi, hakuna arusi, na Hilkia alishawaalika Tekoa nzima.

"Soma upesi, mwandishi," akasema Imeri. "Nina zamu hekaluni."

Nikakunjua gombo la kwanza. "Hilkia mwana wa Malkiya." Nikakunjua la pili, lililoandikwa miaka saba baadaye. "Hilkia mwana wa Yakini."

"Mtu mmoja, baba wawili," Imeri akasema. "Mwanangu haendi kuoa kwenye mafumbo."

"Wengine hata huyo mmoja wanamtafuta, Kuhani," nikasema. "Mwenzako amebarikiwa."

Hakucheka. Shelomiti alijiketisha sakafuni bila kukaribishwa.

"Miguu imekwisha, wanangu, nitasema nimekaa. Malkiya ndiye aliyenioa. Akafa hatuna mtoto. Yakini, mdogo wake, akanichukua kama torati inavyotaka, ili marehemu apate jina. Huyu ndiye mwana wetu wa kwanza, akaandikwa wa Malkiya. Na ndiye wa mwisho, maana mwingine hakuja."

"Hilo la kwanza limenyooka," akasema Imeri. "Na la pili?"

"La pili silijui. Yakini alimwita 'mtoto wa kaka' mpaka siku anakata roho. Mtoto wa kaka, zungusha kondoo. Mtoto wa kaka, njoo ule. Sikuwahi kumsikia akisema 'mwanangu'."

Nikalisogeza gombo la pili karibu na macho yangu, ambayo nayo yamechoka. Chini ya mstari ule, kwa mkono mdogo wa mwandishi aliyenitangulia, palikuwa na maneno. Nikayasoma kwa sauti: "Yakini wa Tekoa amekuja peke yake. Amelia. Anasema mtoto ana homa, na akifa anataka afe akiwa wake. Nimeandika. Mungu anisamehe."

Hilkia akageukia ukuta.

"Homa ile naikumbuka," akasema. "Niliamka nikaambiwa Yakini ameenda kutafuta mbuzi aliyepotea."

Imeri akakohoa. "Pole sana. Lakini basi ni kosa. Mwana wa kwanza ni wa marehemu, torati iko wazi. Kwangua mstari huo sasa hivi, na arusi iendelee."

Kisu cha kukwangulia kilikuwa mezani. Nikamtazama Hilkia. Bado alikuwa ameupa ukuta uso wake.

"Yule mzee nilimzika bila chozi," akasema. "Sasa nimempata, na hapo hapo mnanitaka nimfute." Akavuta pumzi. "Yemima ameshashona nguo. Kwangua tu, ndugu yangu. Nimechoka."

Nikakichukua kisu. Uzito wake ulikuwa uleule wa kila siku.

"Sawa. Ila kisu hiki kikiamka hakilali haraka. Tuanze na kwako, Kuhani." Nikateremsha gombo la nyumba yake. "Hapa babu yako ni mwana wa Azaria. Hapa ni mwana wa Amaria, mwana wa Azaria. Na kwenye orodha ya zamani wazee watatu wamerukwa kama madimbwi njiani. Nikwangue wapi?"

"Aa, hao! Kila mtu anajua. Walifupisha."

"Najua. Hata mimi nina babu aliyeandikwa kuzaliwa baada ya mwanawe."

Imeri akajifuta jasho. Akautazama mlango, na kivuli kilichokuwa kimeanza kuhama.

"Mzee mzima unamtania kuhani," akanung'unika. "Haya. Yaache majina yote mawili. La Malkiya lisomwe kwanza."

"Litasomwa kwanza."

Akaondoka kuwahi zamu yake. Hilkia akainama kumwinua mama yake, lakini mama hakuinuka. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Nikadhani analia. Kumbe amekasirika.

"Mpumbavu yule!" akasema. "Miaka ishirini na tisa nampikia dengu, nikidhani ananivumilia tu kwa ajili ya kaka yake. Mimi niko naye nyumba moja, hasemi. Anakuja mpaka Yerusalemu kumwambia karani!"

"Mama, twende," Hilkia akasema.

"Na ninyi," akanigeukia, "mnakaa na habari kama hii humu ndani, hamtumi hata mtu?"

Nikamsogezea mtungi wa maji. Akanywa polepole, bila kuniondolea macho.