Chupa Chini ya Kitanda

Mwaka ule maduka ya Mwanza yalianza kujaa bia za makopo kutoka nje, lakini mama mkwe wangu, Eugenia, hakutaka hata kuziona. Alikuwa anakuja kwetu Mkolani kwa mara ya kwanza tangu mwanawe, Projest, anioe mimi Odeta, Msukuma wa Usagara nisiyejua hata kumenya ndizi, kama alivyowahi kusema. Nilitaka anikubali, basi. Nikampikia rubisi, pombe ya ndizi ya kwao Bukoba, nikaongeza asali tele ili iwe kali ya heshima, nikaifunga kwenye chupa.

Alipofika nikapiga magoti, nikamwamkia, nikammiminia. Alionja tu, uso ukamkunjamana. Akaisogeza glasi.

"Linda," akasema.

Nilinde nini? Nikamjibu kwamba nyumbani kwangu hakuna wezi. Hakunielewa, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Akarudi kwao kwa meli bila kuigusa tena, nami kwa hasira nikazisukumia chupa chini ya kitanda.

Miezi ikapita. Nikijilaza mchana nilizisikia zikihema chini yangu, polepole, kama ng'ombe waliolala. Niliota ziwa limegeuka asali, mama mkwe kasimama ng'ambo, haniiti wala haondoki. Niliamka na huzuni nisiyoweza kuieleza.

Siku nilipomsimulia Projest ndoto ile, na lile neno, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwa Kihaya, linda ni subiri. Akanieleza kwamba rubisi nyepesi hunywewa mapema, lakini kwenye pombe kali chachu huchoka, hufanya kazi kidogo kidogo, na ule moto unahitaji miezi ndani ya chupa hadi upoe na kukubaliana na utamu. Ikinywewa mbichi inachoma koo.

Niliona aibu, halafu furaha ikanijaa. Nikapanda meli na chupa zangu nimezifunga kwenye khanga. Ziwa lilitulia mno, nikahisi hatuendi popote.

Nilimkuta mama mkwe barazani, amekonda. Nikammiminia. Akanywa, akafumba macho, akanywa tena, kisha akanipa glasi yake nimalizie. Akatafuta maneno ya Kiswahili, moja moja.

"Umechelewa, mwanangu. Nilikuwa nakungoja."