Koili Tatu za Mzee Gisiri

Pafukapo moshi hapana moto. Rispa aliiandika methali hiyo kwa chaki, maana yake akiigeuza miguu juu kichwa chini, kwenye ubao ulioegemezwa mlangoni mwa duka jipya la sigara za umeme mjini Homa Bay. Tangu asubuhi watu walikuwa wakisimama kuisoma. Wengine walicheka, wengine wakabisha, na wote waliishia kuingia ndani kuhakikisha. Hilo ndilo alilolitaka.

Nyuma ya kaunta, kwenye msumari, ulining'inia ufunguo wa duka hilo. Maxwell, mwenye maduka, alikuwa amemwambia tangu wakiwa kwenye duka lake la Migori kwamba siku ya ufunguzi ikipita bila doa, ufunguo huo utakuwa wake na duka ataliendesha yeye. Alikuwa na masharti mawili tu. Asijibizane na wateja, na asifungue kifaa cha mteja mbele za watu. Kikiharibika, mteja auziwe kingine. Rispa alikuwa na stashahada ya umeme na miaka miwili ya kupangusa vioo vya kaunta ya Maxwell. Aliutupia ufunguo jicho kila alipogeuka, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe.

Alikuja na koroboi. Dorine, mwenzake wa dukani, alimcheka alipoitoa mkobani, kopo kuukuu lenye masizi, akamuuliza kama stima ya Homa Bay imekatwa. Rispa aliiweka katikati ya vepu, zile sigara za umeme zinazong'aa, akaanza.

Aliwaambia wateja kwamba hakuna aliyelelewa na koroboi ambaye hajui sigara ya umeme. Kopo lenye mafuta ya taa ndilo tangi. Utambi ndio pamba iliyojaa ndani ya koili. Koili yenyewe ni waya uliopinda ambao betri huupasha moto, na moto huo hauonekani kwa sababu hauchomi kitu. Huchemsha tu ile juisi ambayo pamba imeinywa, ikawa mvuke. Kuna matangi ambayo koili yake haitoki, ikichoka unatupa vyote. Kuna yale ambayo koili huchomolewa na kupachikwa nyingine, tangi likabaki. Na kuna ya mafundi, ambayo mtu huviringisha waya na kupanga pamba kwa mikono yake. Hayo alisema mwanagenzi asiyaguse, kama vile mtu haanzi kujifunza baiskeli kwa kubeba abiria.

"Na kama huvuti sigara," aliongeza, "usianzie hapa. Nikotini ni ileile. Duka hili ni la mtu mzima anayetaka kuuacha moshi wa kweli."

Maxwell, aliyekuwa akiwakaribisha watu mlangoni, alikohoa kikohozi cha onyo.

Wa kwanza kusogea alikuwa Marcella, muuzaji wa omena aliyevuta sigara kwa miaka ishirini, mama mwenye sauti ya kuvuka soko zima. Alitaka kujua ni ipi yenye wingu kubwa. Rispa akamwonyesha koili mbili. Moja ilikuwa na ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme, zaidi ya moja, akamweleza kuwa hiyo huubana umeme, ikatoa mvuke mdogo unaovutwa taratibu kama sigara. Nyingine ilikuwa chini ya ohm moja. Hiyo huuachia umeme upite kwa nguvu, ikatoa wingu zito, ikanywa juisi kama ng'ombe wa kiangazi. Wenye kuhama kutoka kwenye sigara huanza na ile ya kwanza. Kisha akamgeuzia ya pili aone ndani. Haikuwa na waya wa kuviringishwa bali kipande cha chuma chenye matundu madogo madogo, ili joto lienee sawasawa.

"Nyar Kuria," Marcella alisema, maana yake binti wa Wakuria, "unaniambia humu ndani kuna wavu?"

"Wavu kabisa, mama."

"Basi hata moshi siku hizi unavuliwa." Duka zima likaangua kicheko. "Nipe ile ndogo. Hilo wingu la pili litanifukizia omena."

Rispa alikuwa bado anacheka alipoingia mzee mmoja mrefu, koti la mvua mkononi, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alimsalimia kila mtu kwanza, kwa mkono, kama afanyavyo mtu aliyelelewa. Alikuwa Mzee Gisiri, mkulima wa tumbaku kutoka Kehancha. Alieleza kwamba alitokea Kehancha alfajiri hadi dukani Migori, akaambiwa bosi yuko Homa Bay, akaja. Akafungua leso, akatoa vepu tatu za aina moja.

Zote alikuwa amezinunua kwa Maxwell ndani ya mwezi mmoja. Kila moja, tangu mvuto wa kwanza, ilimkwaruza koo kwa ladha ya kitambaa kilichoungua. Aliporudisha ya kwanza aliuziwa ya pili, aliporudisha ya pili aliuziwa ya tatu. Alisema bila hasira kwamba kifua chake kimekataa sigara naye amejitahidi kukitii, ila kitu hiki kimemshinda. Kama leo hakuna jibu, atapita kioski cha kwanza anunue pakiti yake, arudi nyumbani.

Maxwell alikuwa ameshafika. Alimshika mzee bega kwa upole, akamwambia tatizo ni kwamba alinunua ndogo, sasa wamepata kubwa zaidi, ya kisasa. Akampungia Rispa mkono alete boksi jipya.

Rispa hakulileta. Alizitazama zile vepu tatu, akautazama ufunguo. Vitu vitatu kufa kifo kimoja si bahati mbaya, na vidole vilimwasha kwa hamu ya kujua chanzo chake. Akaivuta ya kwanza, akalifungua tangi lake kwa chini, akachomoa koili. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili na ya tatu. Akazipanga koili zote juu ya karatasi nyeupe. Pamba ilikuwa nyeusi tii, kavu kama gunzi.

"Rispa," Maxwell aliita, sauti ya chini.

"Tata," Rispa alimwambia mzee, akimwita baba kwa Kikuria, "nionyeshe unavyoianza ikiwa mpya. Hatua kwa hatua."

Mzee Gisiri alishangaa kuulizwa jambo lililo wazi hivyo. Alisema anaitoa kwenye boksi, anabonyeza swichi, anaiacha ipate moto vizuri, mara ishirini, thelathini. Halafu ndipo anatia juisi.

"Kabla ya juisi? Ikiwa tupu?"

"Sasa binti, bani jipya utatundika majani kabla hujalipasha?"

Rispa alipiga kofi kaunta hadi koroboi ikaruka. Alilijua bani. Baba yake kule Kegonga alikuwa nalo, kijumba cha udongo cha kukaushia tumbaku, na kila lilipojengwa upya lilikokewa moto siku mbili likiwa tupu, kuta zikauke, vinginevyo unyevu ungeozesha majani. Hakuna mkulima wa Kuria ambaye angefanya vingine. Mzee alikuwa ametumia akili yote aliyopewa na tumbaku, na kwa akili hiyo aliunguza koili tatu.

Alicheka, na mzee akacheka naye kabla hata hajajua kwa nini. Rispa akaiinua koroboi. Akamuuliza utambi wake ukiwashwa kopo likiwa halina mafuta, kinachoungua ni nini.

Mzee aliinama kuutazama utambi. "Ni utambi wenyewe," alisema polepole. "Ala."

"Basi hapa pasipofuka moshi ndipo penye moto, tata."

Alichukua koili mpya, kitu kidogo kama risasi ya bunduki, akaidondoshea juisi matone manne juu ya pamba. Akaipachika kwenye vepu mojawapo ya mzee, akajaza tangi, akaacha nafasi kidogo juu, akaiweka kwenye kaunta. Akatangaza kwamba sasa watasubiri dakika kumi, pamba inywe ishibe, na mwenye haraka atoke nje. Hakutoka mtu. Marcella ndiye aliyeshika saa, na dakika ya nane alimzuia Dorine asiiguse.

Mzee Gisiri alivuta. Mvuke mweupe ukamtoka puani, taratibu, na uso wote ukamlegea. Alisema haina ladha ya kitambaa. Alisema ina ladha ya tumbaku, na yeye tumbaku anaijua. Watu wakampigia makofi kama mtu aliyefunga bao, na kijana mmoja akachomoa yake mfukoni, naye pia alikuwa ameambiwa dukani Migori kwamba imekufa. Nyuma yake akaja mwingine.

Maxwell alipaza sauti ili wote wasikie. Alisema huyu msichana amelifanya duka lionekane la wezi siku ya ufunguzi. Aombe msamaha hapo hapo, aseme vifaa vilikuwa na hitilafu, naye atalisahau jambo hilo. Akautoa ufunguo msumarini, akaushika juu ili Rispa auone.

Rispa aliuona. Alikuwa ameshika koili ya yule kijana, nayo nyeusi vilevile, na vidole vyake vilinukia juisi.

"Mzee huyu aliuziwa vepu tatu, na alihitaji koili moja na maneno kumi," alisema. "Nimempa koili na maneno. Ufunguo kaa nao, bosi. Mimi msamaha siombi."