Kitabu cha Wanawake wa Igombe

Siku Ngosha, kijana wa mitumbwini, aliporudi kutoka mjini na habari kwamba picha ya Mama Projest iko kwenye jalada la kitabu, na kwamba kitabu chenyewe kinauzwa kule Nyamagana kwa bei ya gunia zima la dagaa, hali ya hewa ilichafuka pale ufukweni Igombe.

"Kumbe ndiyo maana ulitukusanya!" Bernadeta alimrukia mbele za watu. "Njooni mseme na Daktari, njooni mseme na Daktari! Umetuuza, Mama Kitabu!"

Jina likamganda. Hata sokoni Mwaloni, Kirumba, alikopeleka dagaa wake, wakaanza kumwita Mama Kitabu, na waliomwita hivyo hawakuwa wanamsifu.

Mama Projest, jina lake la ubatizo Paskazia, alikuwa mjane mtu mzima, elimu yake darasa la saba, na hakuwa na desturi ya kugombana hadharani. Aliinamia dagaa wake akaendelea kuwageuza. Lakini neno lile lilimchoma, kwa sababu halikuwa uongo mtupu. Ni yeye aliyewashawishi wanawake thelathini na wawili wazungumze na Daktari Celestina, mwalimu wa chuo kikuu anayeishi Buswelu. Miaka mitatu binti yule alikuja kila mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi ya dagaa haiendi kuvua na wanawake wana nafasi ya kukaa. Alivua viatu, akaanika pamoja nao, akauliza, akaandika. Wakamweleza yote, hata namna ya kuokoa dagaa mvua ya masika inapokukuta hujaanua. Aliwaahidi kitabu.

Kitabu kilikuja kimoja, mkononi mwa Paskazia, chenye sahihi ya Daktari. Alikiweka kabatini kando ya Biblia akiamini kila mwenzake amepata chake. Hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kama kujigamba.

Usiku wa habari za Ngosha alisali rozari yake, na kwa kila fungu alimkumbuka marehemu Sabina. Yeye Paskazia alifika Igombe akitokea Muleba, mjane wa miezi minne, anajua migomba na hajui dagaa. Bibi Sabina, Mkerewe, akampa nafasi kwenye kichanja chake, kile kitanda cha nguzo na wavu wanachoanikia dagaa, akamfundisha bila kumdai hata kanga. Ndiyo ilikuwa desturi ya wanawake wa pale. Ukijifunzia kichanja cha mtu hulipi kitu, ila hupeleki dagaa wako sokoni mpaka na wewe umfundishe mwingine bure. Asiyefanya hivyo hapewi nafasi ya kuanika tena.

Mbalamwezi iliyofuata Daktari akaja, safari hii na mwanaume wa tai, Nestory Chenge, mtu wa kampuni ya uchapishaji.

"Shikamoo, mama," alisema Celestina.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Nestory hakupenda kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasimama. Akaeleza kwamba kitabu kimependwa, kinachapishwa mara ya pili kwa mkataba mpya, maana ule wa kwanza umekwisha. Daktari atatia sahihi wa kwake, na Mama Paskazia, kwa kuwa picha na maelezo yake yamejaa mle, atie sahihi karatasi ya ridhaa. Akatoa kalamu.

Paskazia akachukua karatasi. Aliisoma kama asomavyo somo la kwanza kwenye jumuiya, kidole chini ya kila neno, bila haraka. Wanawake walikuwa wamekwisha kusogea. Bernadeta alikuwa mbele, mikono kiunoni.

"Atakayetaka kukisoma hapa Igombe," aliuliza Paskazia, "atakipataje?"

"Dukani, mama. Atanunua."

"Na asiyeweza?"

Nestory akatabasamu. "Mama yangu, hiki ni kitabu cha kitaaluma. Si cha watu wa dagaa."

"Ee!" Bernadeta akapiga kofi. "Basi toeni dagaa wote mle ndani, tuone mtauza nini. Majalada?"

Kicheko kikapasuka. Paskazia hakucheka. Aliikunja karatasi mara mbili akaiweka mapajani.

"Celestina," alisema, na watu wakageuka kumtazama, maana siku zote alimwita Daktari. "Ulijifunzia kichanja cha nani?"

"Chako, mama."

"Nilikudai?"

"Hukunidai."

"Na wewe umemfundisha nani bure?"

Celestina alitazama ziwa, kisha viatu vyake. "Ninafundisha wanafunzi, mama."

"Wanaolipa ada."

Celestina akasema taratibu, "Ipo njia. Wenzangu kadhaa chuoni wameanza. Mtu anaweka kitabu chake chote mtandaoni, yeyote mwenye simu anakifungua, halipi. Nilitaka kufanya hivyo tangu mwanzo. Niliogopa."

"Na bando?" aliuliza Bernadeta.

"Ukishakipakua mara moja unasoma hata bila bando. Unamrushia na mwenzako."

"Daktari," Nestory aliingilia, sauti imebadilika, "tusitaniane. Ukikimwaga mtandaoni, sisi hatukigusi tena. Na pale chuoni watakuuliza, kitabu kimechapishwa na nani? Uprofesa utausikia kwa wenzako."

"Ni kweli anayosema?" aliuliza Paskazia.

"Inawezekana ni kweli, mama. Naweza kukaa nilipo miaka mingi."

Paskazia aliumia kwa ajili yake, kwa maana alimpenda kama mwanawe. Lakini hakumlegezea. Alimrudishia Nestory karatasi ikiwa imekunjwa vilevile.

"Mimi sitii sahihi. Picha yangu na maneno yangu hayafungiwi dukani. Huyu ana yake ya kuamua, lakini akitia sahihi leo, asije kuanika hapa tena. Ndivyo tunavyomfanyia kila mtu, hata angekuwa mimi, Mama Projest."

"Mtajuta," alisema Nestory.

"Baba, sisi tumejuta mvua ngapi hapa?" alijibu Bernadeta. "Ongeza na hiyo."

Celestina alichukua mkataba wake mkononi mwa Nestory. Kisha akauchana, si kwa hasira, akauchana kama mtu anayegawa kitenge, na Nestory akaondoka peke yake akitafuta bodaboda.

Wiki tatu baadaye kitabu kilikuwa mtandaoni. Siku ya pili yake Bernadeta alifika kwa Paskazia mbio, simu juu.

"Mama Projest!" Alisahau lile jina jingine. "Ukurasa wa tisini! Anasema wakati wa mvua dagaa hugeuzwa mara mbili. Nani kamwambia mbili? Mimi nilimwambia tatu! Watu wa visiwani wakisoma hivi watatucheka."

"Mpigie."

Bernadeta akapiga, akaweka sauti ya juu. Wanawake wakazunguka.

"Mmesoma mpaka huko?" Celestina alishangaa. "Nitarekebisha leo leo. Kikiwa mtandaoni kinarekebishika."

"Subiri, sijamaliza," alisema Bernadeta. "Hapa chini umeandika, mhojiwa namba kumi na saba. Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, dada. Taratibu za utafiti zinataka tufiche majina ya watu."

"Nani alikuomba umfiche?"

Paskazia alisogea karibu. "Celestina, chukua kalamu. Watakaotaka wanataja wenyewe."

"Bernadeta Shimba!" alipaza Bernadeta kabla hata hajaambiwa aanze. "Andika vizuri. Wa Igombe."

"Kokulinda Maige," akafuata mwingine, akimpokonya simu.

"Rachel, mke wa Paulo. Hapana, usiandike mke wa Paulo. Rachel tu, Paulo hajui kuanika."

Wakapokezana simu huku wakisukumana kwa mabega, kila mmoja akitaja jina lake kwa nguvu kana kwamba Buswelu ni ng'ambo ya ziwa, na Celestina akisikika akisema polepole, jamani, polepole, ninaandika.