Jeli ya Mkono wa Kulia

Msimu wa korosho ulimwacha Dominika wa Kitangari na viganja vilivyobabuka. Alibangua kwa mikono mitupu, na mafuta ya maganda yale huunguza kama moto.

Flora, mtoto wa kijiji cha Mkunya anayefanya kazi maabara huko Masasi, alimletea makopo mawili ya jeli aliyoitengeneza kwa wanga wa muhogo. Ilikuwa laini, ya baridi, na ilishika maji kama uji uliolala. Kopo moja alilitia maji ya majani ya mlonge. La pili hakulitia kitu.

“Kifuniko chekundu, chenye mlonge, paka kulia, Bibi. Cheupe paka kushoto. Mikono ikipona sawasawa, nitajua majani hayana kazi, niyaache.”

“Nimeelewa, mwanangu.”

Alipaka kila asubuhi, hakusahau. Flora aliporudi alimwamkia, akavishika viganja vyake kwa upole, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa na ngozi mpya.

Dominika alitegemea kicheko. Flora aliinama tu, akaanza kukusanya makopo yake.

“Mbona umenuna? Si nimepona?”

“Umepona, Bibi, nashukuru. Ila umepona kote. Nimehangaika na mlonge miaka, kumbe wanga peke yake unatosha.”

Dominika hakuipenda sauti ile. “Lete nikuonyeshe, labda nimekosea.” Akachota chekundu, akapaka kulia. Akachota cheupe, akapaka kushoto. Kisha, bila kufikiri, akafikicha viganja vyote pamoja, akamalizia na viwiko, kama mtu aliyetoka kuoga.

Flora alicheka hadi akakaa chini. “Bibi! Umezichanganya!”

“Sasa mtu anapakaje bila kufikicha?”

Ikabidi kuanza upya. Jirani yake Faudhia alikuwa ameungua viganja vyote kwa korosho juzi tu, akakubali kujaribu. Kila asubuhi Dominika alimpaka mwenyewe, kisha akakaa mbele yake, amemshika vifundo vya mikono, hiki na kile, mpaka jeli ikauke.

“Dominika, umenifunga jela? Pua inaniwasha!”

“Nitakukuna mimi. Kuna mtoto wa watu anangoja, tulia.”

Flora alipokuja, kiganja cha kulia kilikuwa kimefunga. Cha kushoto kilikuwa bado chekundu.  Flora akafungua kopo lenye mlonge, akampaka Faudhia mkono wa kushoto, pole pole, mpaka kwenye kiwiko.

Dominika akaviachia vile vifundo.

“Haya,” akasema, “sasa fikicha.”