Firigisi ya Aliyeingia Kwanza

Minza alimnyonyoa jogoo yule kama mtu anayelipiza kisasi.

"Mama, utachana ngozi," alisema Verdiana, mkwe wake, aliyekuwa akitwanga karanga pembeni.

"Ichanike. Huyo anayekuja hakufuata ngozi. Amefuata mtu."

Aliyekuwa anakuja ni Bwana Hilari, mwenye kampuni ya ndege ndogo ambayo Masunga, mwana wa pekee wa Minza, alikuwa akiirushia ndege. Asubuhi ile ametua kwenye uwanja wa vumbi wa Mpanda na mkataba wa mwaka mwingine mkobani. Masunga alikuwa ameuacha huko Dar bila kuusaini, akaja likizo kwa mama yake, mtaani Shanwe, na likizo ikawa ndefu mpaka kampuni ikaona bora imfuate.

Utaratibu wa kampuni ile Minza alielezwa mara moja tu na hakuusahau, maana ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mshahara wa rubani unafuata siku aliyoingia kazini kwao. Aliyeingia mapema analipwa zaidi, aliyeingia nyuma anapungukiwa. Sasa Masunga alikuwa amerusha ndege za serikali miaka kumi na minne kabla hazijakosa vipuri na kulala chini. Amerusha wagonjwa, mawaziri, chanjo na maiti. Katua Mwese na utelezi, katua Kigoma na moshi wa nyika. Alipohamia kwa Hilari akaandikwa mgeni. Juu yake akawekwa Krispini, kijana aliyetoka chuo cha urubani na kumtangulia kuingia kwa miezi mitatu. Angani Masunga ndiye kapteni, anakaa kiti cha kushoto na kumwelekeza Krispini kila kitu. Mwisho wa mwezi Krispini ndiye mkubwa.

Hilo peke yake lingetosha kumkasirisha mtu. Lakini kulikuwa na jambo la pili, lililomnyima Minza usingizi. Mwaka ule wa tisini na nane vita ilikuwa imewaka tena Kongo, na kuna watu wa Bukavu waliomtumia Masunga salamu. Walitaka rubani mzoefu wa kubeba mizigo, na mizigo yenyewe hawakuitaja. Walisema watamhesabia kila saa aliyowahi kuruka tangu azaliwe. Masunga hakuwajibu ndiyo wala hapana. Minza alimfahamu mwanawe: mpole, hajui kumkatalia mtu aliyekula nyumbani kwake. Hilari akila, Masunga atasaini, ataumia kimyakimya, na baada ya miezi michache atavuka ziwa kwenda Kongo kwa uchungu. Minza hakutaka asaini hivyo, wala hakutaka avuke. Alitaka mwanawe alipwe kama mtu mzima, abaki upande huu wa ziwa. Basi.

Gari la kukodi kutoka Kashaulili liliposimama nje, Hilari alibaki akiongea na dereva kuhusu saa ya kurudi uwanjani. Krispini, aliyeirusha ndege iliyomleta, jua likimchoma utosini, akakimbilia ndani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ndani."

Ndipo wazo lilipomjia. Alisimama mlangoni akatazama ni nani anavuka kizingiti na nani anafuata. Wa kwanza Krispini. Wa pili Masunga, aliyetoka uani kuwapokea. Wa mwisho kabisa Bwana Hilari, mvi zake na mkoba wake, akiinama kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja mwisho."

"Ndiyo, nilikuwa na dereva." Hilari alitabasamu, hakujua ameambiwa nini.

Walinawa. Verdiana akaleta ugali na jogoo aliyeungwa kwa karanga, akataka kupakua, lakini Minza akamnyang'anya upawa. Firigisi, ambayo katika nyumba ile haikuwahi kuliwa na mtu mwingine zaidi ya baba mwenye nyumba au mgeni wa heshima, akaiweka kwenye sahani ya Krispini pamoja na paja nono. Akampa Masunga bawa. Kisha akazamisha upawa, akatafuta, akapata shingo, akamwekea Hilari.

Verdiana aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Krispini, mtoto wa watu, hakuona kitu. Alikuwa na njaa, akaitupia firigisi mdomoni.

"Tamu sana, bibi."

Hilari aliigeuza ile shingo kwa kidole, akacheka kidogo. "Mama Masunga, huku kwenu mzee anapewa shingo?"

"Huku kwetu mzee anapewa firigisi. Ila leo nimepakua kwa utaratibu wa kwenu. Aliyetangulia kuingia ndiye mkubwa. Krispini katangulia."

Taya la Krispini likasimama. "Bibi, mimi nilikimbia jua tu."

"Hata kwenye kampuni ulitangulia tu. Tafuna, wewe huna kosa."

"Mayu, tafadhali," alisema Masunga, akimwita mama kwa lugha ya kwao, macho yakiwa kwenye sahani.

"Nyamaza. Wewe si hodari wa kunyamaza? Endelea."

Hilari alifuta kidole chake taratibu. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Alikuwa mtu mbaya wa kueleza vizuri. "Mama, nikuambie ukweli. Wapo marubani walionianzia kazi nikiwa na ndege moja, na mishahara nikichelewesha hawakuondoka. Leo aje mtu wa nje nimweke juu yao, nitawaambia nini? Halafu ile miaka kumi na minne, serikali ilishamlipa. Mimi niilipe mara ya pili?"

"Hao waliokuvumilia wape zawadi yao, nani kakukataza? Lakini usiitoe mfukoni mwa mwanangu." Minza aliuweka upawa chini. "Na kama hutaki kuilipia ile miaka, sawa, usiitumie. Siku ya mvua, mawingu yameshuka mpaka kwenye miti, na wewe umekaa humo nyuma na mkoba wako, mwambie Masunga aitue ndege kama mtu aliyeanza kazi mwaka jana. Asitumie hata siku moja ya serikali. Utamwambia?"

Hilari aliusogeza mkoba karibu na mguu wake. Krispini alikohoa, akanywa maji.

"Hujibu. Basi nitakutegea. Kitendawili."

Hilari alimtazama Masunga kuomba msaada, hakuupata. Kwa adabu ya mgeni akasema, "Tega."

"Nikiwa juu mimi ni baba yenu. Nikishuka mimi ni mdogo wenu wa mwisho."

Jibu lilikuwa limekaa pale mezani linakula bawa, na kila mtu alilijua. Lakini Hilari akilitaja kwa mdomo wake atakuwa ameihukumu kampuni yake mwenyewe. Akachagua kushindwa.

"Sijui, mama."

"Nipe mji."

"Nakupa Dar es Salaam."

"Siitaki, joto."

"Nakupa Arusha."

"Niende Arusha kufanya nini? Wewe una mji mmoja tu ninaoutaka. Nipe miaka ya mwanangu."

Hilari alifungua mkoba, akautoa mkataba, akatoa na kalamu. "Kwa heshima yako," alisema, "nitamhesabia nusu. Miaka saba. Hilo sijamfanyia mtu yeyote." Akaandika pembeni, akaweka sahihi yake, akausogeza mkataba mbele ya Masunga.

Minza alipiga hesabu haraka. Miaka saba ingempandisha juu ya Krispini. Ingetosha kumweka mbali na Bukavu. Alikuwa tayari kuichukua, hata akafungua mdomo kushukuru.

"Mama hakuomba nusu mji," alisema Masunga.

Wote wakamgeukia. Hakuwa ameinua sauti. "Kitendawili ukishindwa unatoa mji mzima. Hakuna nusu mji, mzee. Ile miaka saba unayoiacha ndiyo niliyojifunzia kutua Mwese. Ndiyo unayoitaka zaidi."

"Masunga, usiniharibie. Nimejitahidi."

"Yote, au urudi na mkataba wako."

Hilari alisimama. Alishukuru kwa chakula ambacho hakukila, akamwambia Verdiana amefurahi, akatoka. Krispini alibaki nyuma kidogo, mikono ikiwa na mchuzi, hajui ashike wapi. "Kapteni, mimi sikuomba ile..."

"Najua. Nenda. Mvua ikikuzibia njia geukia Tabora mapema, usibishane nayo."

Gari lilipoondoka Minza alimrukia mwanawe. "Miaka yote hujui kukataa, leo ndiyo umejifunza? Saba si kitu?"

"Si wewe uliyeanza, mayu?"

"Mimi nilianza ili ulipwe."

"Na mimi nimekataa kupunjwa mbele ya mama yangu." Masunga naye sasa alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ngeni, haikumkaa vizuri usoni. "Watu wa Bukavu hawanikatii hata dakika. Wanahesabu zote."

"Wanahesabu zote kwa sababu hawategemei uongeze nyingine."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalifikiria, likakaa katikati yao mezani. Verdiana akaacha kukusanya vyombo. Masunga alimtazama mama yake, kisha akamtazama mkewe.

"Siendi Bukavu," alisema, kama mtu anayetupa kitu kizito chini.

"Na kwa Hilari?"

"Kwa nusu siendi."

"Basi utakaa tu?"

"Nitakaa. Ng'ombe wako wanahitaji mtu."

Minza alipaswa kufurahi. Mwanawe amebaki upande huu wa ziwa, mzima, hajainamisha kichwa. Lakini hasira haikushuka, ilihama tu mahali. Mtu aliyesomeshwa kwa fedha za nchi, nchi ikamfunza miaka kumi na minne, sasa aende akachunge, eti kwa sababu hakuwahi mlangoni.

Baada ya kitambo, kutoka upande wa uwanja, ndege iliunguruma, ikakimbia, ikainuka. Masunga hakuinua macho. Ila Minza aliuona mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala mezani kando ya sahani, ukifumba vidole na kujivuta taratibu kuelekea kifuani, kama unaovuta usukani wa ndege, ukashikilia hapo, ukasubiri, mpaka mlio ulipokaa sawa juu ya mabati ya Shanwe.

"Kapaisha mapema mno," Masunga alisema kwa sauti ndogo.

Minza aliichukua ile shingo ya kuku iliyopoa, akatoka nayo uani, akamtupia mbwa kwa nguvu zake zote.